Shamba la Ndani ya Kioo

Kila asubuhi nilipotoka misani, nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wangu kule Butembo, nikageuza mgongo barabarani ili jua linipitie begani, na nikamwagilia maji shamba la mjukuu wangu. Shamba lenyewe lilikuwa dogo kuliko kiganja changu. Lilikuwa ndani ya kioo cha mashine ya mchezo, ile ya kushika kwa mikono miwili, ambayo baba yake alimletea kutoka Dubai enzi alipokuwa akisindikiza mizigo ya mfanyabiashara mmoja wa mji wetu.

Mwanzoni sikuipenda mashine ile. Nilikuwa katekista tangu ujana wangu, na niliona watoto wanaoinamisha vichwa juu ya vitu vya namna hiyo kama watu wanaosali sala isiyo na mwisho. Lakini vita vilikuwa vimekwisha kutupanga upya sisi sote, kila mtu mahali ambapo hakupachagua. Shamba langu la kweli, la kahawa, lilikuwa upande wa Mangina. Kwanza ugonjwa uliingia, miti ikakauka imesimama kama mtu aliyekufa wima. Iliyosalia nikaiacha, kwa kuwa njia ya kwenda huko ilikuwa ya watu wenye bunduki, leo hawa, kesho wale, wote wakiuliza maswali yaleyale. Mke wangu alikuwa amelala kaburini tayari, na namshukuru Mungu kwamba alilala kitandani mwake, akiwa amepakwa mafuta matakatifu, kabla ya mambo hayo.

Nikahamia kwa binti yangu pale Beni, mtaa wa Bungulu. Tuliishi watatu: yeye, mtoto wake wa kike na mimi. Baba wa mtoto alikuwa Kampala, amepata kazi katika ghala. Siku zilipozidi kuwa mbaya, alituma neno kwamba mke na mtoto wavuke mpaka wamfuate. Kwangu kulikuwa na chumba kimoja Butembo, karibu na parokia, ambacho padre alinitafutia ili niendelee kufundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kwa ubatizo. Basi tukagawanyika. Wao wapande gari la kwenda Kasindi, mimi lile la kwenda Butembo, asubuhi moja, kituo kimoja.

Pale kituoni ndipo mjukuu wangu aliponipa mashine. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba mpakani askari huchukua kila kitu kinachong'aa. Mtoto alifikiri sana, akakitoa kile kitu kwenye kifuko alichokishona kwa kipande cha kitenge, akaniwekea magotini.

"Sokulu," akasema. Hivyo ndivyo Wanande tunavyomwita babu. "Uniangalilie shamba yangu."

"Shamba gani tena?"

"Iko mule ndani. Miti sita. Utaitilia mayi kila siku, alafu utamulalisha ule mutu mwenye kofia. Ukisahau, itakauka."

"Mimi nimelima kahawa mbele mama yako hajazaliwa, na wewe unanifundisha kutilia miti mayi?"

"Ile ilikuwa ya inje," akasema. "Hii ni ya mu kioo. Hii ni nguvu zaidi."

Mama yake akacheka, mimi nikacheka, na dereva akapiga honi. Mtoto hakucheka. Alinionyesha haraka haraka: hapa unabonyeza mtu atembee, hapa anamwaga maji, hapa anachuma. "Usichume yenye haijaiva," akasema akiwa amekwisha kupanda garini. "Ukichuma mbichi, muti inakufa. Uichunge mpaka nitarudia." Nikamwahidi. Gari likaondoka na vumbi lake, na mimi nikabaki nimeshika shamba.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mashine ilikuwa na maandishi ya lugha nisiyoijua, kwa hiyo nilijifunza kwa macho, kama mtu anayeingia kanisa la nchi nyingine na kuifuata misa kwa kuangalia wengine wanapiga magoti lini. Ndani ya kioo mlikuwa na nyumba ndogo, kisima, na safu ya miti sita yenye matunda ya mviringo. Sikujua ni matunda gani. Kwa kuwa yalianza kijani, yakaja manjano, kisha mekundu, niliyaita kahawa, na moyo wangu ulitulia.

Kwa ajili ya kubana betri, ambazo kwetu tunaziita pile, niliiwasha mara moja tu kwa siku, baada ya misa. Mtu mwenye kofia alitoka nyumbani mwake, nikampeleka kisimani, tukamwagilia mti kwa mti, kisha nikamrudisha akalala. Kulala kwake ndiko kulikopitisha siku mle ndani. Hivyo siku yake na siku yangu zilikwenda pamoja. Wakati mwingine sikuwa na mtu mwingine wa kuamka naye. Mtu anayeishi peke yake anajua kwamba asubuhi ndiyo ngumu: jioni una uchovu, lakini asubuhi mwili wako unaamka ukitazamia sauti, na sauti haipo. Mimi nilikuwa na kengele ya parokia, nikawa na mtu mwenye kofia. Nilimshukuru Mungu kwa vyote viwili, ingawa sikuthubutu kuvitaja pamoja katika sala moja.

Tatizo lilikuwa moja. Kioo kile hakikuwa na taa yake. Rangi zake zilikuwa za kufifia, kama kitenge kilichofuliwa miaka mingi, na bila jua huoni kitu. Butembo ni mji wa juu, na asubuhi nyingi ukungu unakaa juu ya vilima mpaka saa nne. Macho yangu nayo yalikuwa ya mzee. Ikafika siku nikainua kioo huku na huku nisiweze kujua kama tunda ni kijani au ni manjano. Nikamwagilia kwa kukisia, nikafunga, nikawa na wasiwasi mchana kutwa.

Jirani yangu alikuwa mama mfanyabiashara, mjane kama mimi, mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alinunua maharage vijijini na kuyapeleka mpaka Kasindi, na alirudi na chumvi na sabuni. Tuliishi uani pamoja, mlango kwa mlango. Aliponiona nimeinamia mashine na paji la uso limekunjamana, akasimama na beseni lake kiunoni.

"Papa katekisti, unatafuta nini mule? Umepoteza mutu?"

"Kioo imekuwa giza."

Akaichukua, akaiangalia kwa jicho moja. "Haina giza. Iko na njaa. Angalia hii rangi! Kama chai ya seminari. Peleka kwa fundi wa televisheni kule sokoni, atatia rangi."

Lazima nieleze jambo hili kwa wasiokaa kwetu. Siku zile, umeme ulikuwa wa jenereta tu, na televisheni ziliwekwa katika vibanda ambamo watu walikuja kuangalia mpira na filamu. Katika vibanda vyote, bila kosa, kile kitufe cha rangi kilizungushwa mpaka mwisho. Nyasi za uwanja zilikuwa kijani cha kasuku, na mtangazaji alikuwa mwekundu kama tofali letu linapotoka tanuruni. Mwenye kibanda akipunguza rangi, watu walidai warudishiwe haki yao. Rangi hafifu kwetu ilikuwa alama ya kitu kuukuu, kitu kilichochakaa, kitu cha maskini. Tuliishi katika vumbi na moshi na habari mbaya, na mtu aliyekaa mbele ya kioo alitaka kuona dunia iliyoshiba. Sisemi hivyo kwa kumcheka mtu. Hata mimi, nilipopamba altare, nilichagua maua yanayoonekana kutoka benchi la mwisho.

Basi nikaenda kwa fundi. Alikuwa kijana aliyekuja na vita kutoka upande wa Kisangani, mwembamba, anayechanganya Kiswahili na Kilingala cha askari na Kifaransa, akisema "bana" penye "wana" na "mais" penye "lakini". Meza yake ilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nyuma yake televisheni moja iliwaka bila sauti, na mwanamke aliyekuwa akiimba ndani yake alikuwa na uso wa rangi ya chungwa.

"Papa, hii machine ni nzuri," akasema, "mais rangi yake imechoka. Ni kama mugonjwa. Tutaiongeza damu."

"Unaweza kuongeza mwangaza tu, uache rangi?"

"Mwangaza ni kitu ingine, iyo hawakutia kule walitengeneza. Mais rangi iko. Banaificha tu." Akafungua mgongo wa mashine, akanionyesha skurubu ndogo kama punje ya ulezi pembeni ya kioo. "Unaona? Wenye kutengeneza wanaogopa. Wanafungaka hapa katikati. Sisi hatuogope."

"Usiongeze mingi, mwanangu."

"Papa, rangi mingi haijaua mutu."

Akazungusha. Nikashika pumzi, kwa sababu kifuko cha kitenge kilikuwa mkononi mwangu na niliogopa shamba lifutike. Halikufutika. Kioo kikawaka kama nguo za sikukuu. Anga ikawa ya buluu ya ndoo ya plastiki, udongo ukawa mwekundu kama wa Butembo wenyewe, na kofia ya yule mtu, ambayo siku zote niliiona ya majani makavu, ikawa kama dhahabu. Fundi akapiga makofi. Wateja wake wakaja kuangalia, wakasema, "Voilà! Sasa iko muzima!" Nami, nasema kweli, nilifurahi. Niliona bila jua. Nilirudi nyumbani nikitembea upesi kama mtu anayebeba habari njema, na jirani yangu alipoiona akapiga kigelegele uani, kuku wakakimbia.

Asubuhi iliyofuata niliwasha mashine hata kabla ukungu haujaondoka. Miti sita, yote mekundu kwa matunda. Nikajipiga kifua kwa furaha. Kumbe yalikuwa yameiva siku zote, nikawaza, na mimi kwa ubovu wa macho nikawa nayaacha. Nikachuma mti wa kwanza. Yule mtu mwenye kofia akainamisha kichwa na kukitikisa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikadhani anashukuru. Nikachuma wa pili, na wa tatu.

Kesho yake mti wa kwanza ulikuwa wa kahawia. Mle ndani hata ukavu ulikuwa umeongezwa rangi: kahawia nzito, kama damu ya zamani. Siku iliyofuata mahali pake palikuwa udongo mtupu, na mti wa pili na wa tatu ilikuwa inafuata. Nikajua basi kwamba nilichuma mbichi. Nilijaribu kuwa mwangalifu. Nilisubiri siku kadhaa, nikachagua katika miti iliyobaki ule uliokuwa mwekundu kuliko yote, nikachuma tunda. Nao ukafa. Nikasubiri tena, nikaomba, nikachuma katika mwingine. Ukafa vilevile. Ukabaki mmoja, ule wa mwisho karibu na kisima.

Ndipo nilipokaa na kioo mchana kutwa bila kujali pile, na nikaelewa kilichotendeka. Zamani rangi zilikuwa na haya, lakini kila moja ilikaa mahali pake. Kijani kilikuwa kijani, manjano ilikuwa manjano, nyekundu ilikuwa nyekundu, zote kwa sauti ndogo. Sasa zilikuwa zinapiga kelele, na katika kelele manjano ilikuwa imeingia katika nyekundu, hata kijani kilichoanza kugeuka kilikuwa kimeingia. Tunda changa na tunda lililoiva vilivaa kanzu moja. Pale kanisani, katika kabati la mavazi, nilijua kutofautisha zambarau ya Kwaresima na ya Majilio, ambayo wengine huiona moja, kwa sababu vitambaa vile nilivifua kwa mikono yangu na nikavianika kivulini visipotee rangi. Huku kwenye kioo sikuwa na la kushika.

Kule Mangina nilichuma kahawa miaka yangu yote. Unaangalia rangi, kisha unabinya kidogo kwa vidole viwili. Tunda lililoiva linakubali, bichi linakataa. Niliwafundisha hivyo wachumaji wote, na hakuna aliyewahi kuniletea kikapu cha kijani. Sasa nilibonyeza kioo kwa kidole, na kioo kikawa kigumu na baridi mahali pote.

Nikarudi kwa fundi.

"Uirudishe kama mbele," nikamwambia.

"Kama mbele? Papa, watu banalia ya kupata hii rangi!"

"Shamba ya mutoto inakufa."

Akaniangalia kama mtu anayepima kama mzee huyu ana homa. Lakini alikuwa kijana mwenye moyo mzuri. Akafungua, akachukua bisibisi yake. Akazungusha kulia, kushoto. Kioo kikawa cheupe chote, kikawa cheusi chote, kikarudi chekundu. Akajaribu tena, polepole, ulimi nje. Kisha akaiweka bisibisi chini.

"Skurubu imekwisha meno," akasema. "Inazunguka bure. Itabakia hivi."

"Na mbele ilikuwa wapi?"

"Sikuangalia, papa. Nani anaangaliaka rangi mbaya ilikuwa wapi?"

Hakunidai kitu. Akanipa pile mbili kuukuu ambazo bado zilikuwa na nguvu kidogo, akazifunga kwa karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima. Namwombea hadi leo popote alipo.

Ukabaki ule mti mmoja. Ulikuwa na matunda matatu, yote mekundu kama taa ya tabernakulo. Nikichuma kabla ya wakati, shamba limekwisha, na niliahidi kulichunga mpaka arudi. Nisipochuma, sikujua kitatokea nini: pengine huoza, pengine mti huchoka. Sikuthubutu lolote. Kila siku nilimwagilia, nikamlaza mtu mwenye kofia, nikafunga. Nikawaza: kuna mtu mmoja tu duniani anayejua tunda hili linaivaje, na yeye yuko ng'ambo ya mpaka.

Nikamwomba jirani yangu. Mume wa binti yangu alikuwa na ndugu pale Kasindi aliyepeleka na kuleta habari, na binti yangu na mtoto walikuja mara kwa mara mpakani, upande wa Uganda, kupokea mahitaji. "Ukimukuta mutoto," nikasema, "umuulize: tunda yenye kuiva iko na rangi gani ya kweli? Aeleze vizuri. Nyekundu ya namna gani?"

"Papa," akasema yule mama, "watu wananitumaka niulize kama ndugu zao banaishi. Wewe unanituma niulize rangi ya tunda?"

"Uulize kama anaishi, alafu uulize rangi."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Lakini alipoona sikucheka, aliniwekea mkono begani, akasema atauliza.

Ila njia ilifungwa. Kulikuwa na mapigano, magari yakasimama, mama akakaa na magunia yake ya maharage yakipata wadudu. Ilikuwa Kwaresima. Kanisani sanamu zilifunikwa, na mimi nilitoka kwenye nyumba yenye nyuso zilizofunikwa na kwenda kwenye chumba kisicho na uso. Wakatekumeni wengi hawakuja, kwa hofu ya barabara. Siku nyingine nilifundisha benchi tupu, kwa sauti ya chini, ili nisisahau mpangilio wa somo. Watu huniuliza kama nililalamika mbele za Mungu. Sikulalamika. Nilikuwa na chakula, nilikuwa na paa, nilikuwa na mti mmoja. Lakini nilikuwa mpweke kwa namna ambayo sikuwa nimeijua hata mke wangu alipofariki, kwa maana yeye nilijua alipo.

Baada ya Pasaka njia ilifunguliwa. Mama akapakia maharage yake akaenda. Niliposikia sauti yake tena mwanzoni mwa uchochoro, akigombana na mchukuzi juu ya gunia la chumvi, nilisimama mlangoni nikajifanya ninafagia.

"Acha kufagia, papa, hakuna uchafu pale," akasema. "Nilimukuta."

"Anaishi?"

"Anaishi, ananenepa, anaongea sana. Mama yake iko na tumbo, utapata mujukuu mwingine. Anakusalimia, anasema anakuombea."

Nikakaa chini kwenye kizingiti. Nikafanya ishara ya msalaba, na mama akaningoja nimalize.

"Na rangi?" nikauliza.

"Alinicheka kwanza, ule mutoto, hana adabu. Kisha alisema: umwambie Sokulu hapana kuangalia rangi. Eti yeye hakuangaliaka rangi hata siku moja. Kioo ilikuwa mbaya, angeona nini? Tunda yenye kuiva inatetemeka."

"Inatetemeka?"

"Inatetemeka. Kidogo tu. Alinionyesha na kidole, hivi." Akainua kidole chake kinene, kilichopasuka kwa kamba za magunia, akakichezesha polepole, kama kitu kinachopulizwa na mtu aliyelala. "Yenye haijaiva inakaa kimya. Ndiyo vile alisema. Mais wewe papa, na kahawa yako yote!"

Nami nikacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Miezi yote ile ya skurubu na macho na kelele za rangi, na tunda halikuwa na habari na rangi! Mimi ndiye niliyeingiza kahawa yangu mle ndani. Mtoto asiyewahi kuchuma kahawa alikuwa ameangalia kilichokuwepo.

Nikawasha palepale. Nikatazama. Matunda yote matatu yalitetemeka. Mti ulitetemeka. Nyumba na kisima vilitetemeka. Ndipo nikaona mikono yangu. Ilikuwa imeanza kutetemeka tangu nilipotoka Beni, na nilikuwa nimeizoea mpaka sikuiona tena. Katika mikono kama ile hakuna tunda ambalo lingeweza kuniambia kitu.

Nikachukua kitabu changu cha sala, kile kinene, nikakilaza kwenye kizingiti cha dirisha, nikaegemeza mashine juu yake na kuondoa mikono. Nikaiweka mikono magotini kama mtu anayesikiliza Injili. Kioo kikatulia, chekundu na kijani na buluu, kikali kama kibanda cha mpira. Nyumba ilikaa kimya. Kisima kimya. Tunda la kwanza kimya, la pili kimya. Na la tatu, lile la chini upande wa kisima, lilikuwa likitikisika kidogo sana, likienda na kurudi, kama mdomo wa mtoto kabla hajasema.

Nikalichuma. Mtu mwenye kofia akaruka juu.

Kutoka tunda lile nilipata mbegu, na kutoka mbegu mti, na polepole safu ikajaa tena. Sikuwa na haraka. Kila asubuhi baada ya misa niliegemeza mashine kwenye kitabu, nikaondoa mikono, nikangoja kitu kitikisike.

Mjukuu wangu alikuja siku njia zilipokuwa shwari kidogo, yeye na mama yake na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa mrefu kiasi kwamba nilitafuta mtoto mdogo kando ya mama yake kabla sijamtambua. Alizungumza Kiswahili cha Uganda na maneno mengine nisiyoyajua. Nilimpa mashine kabla ya chai. Akaiwasha, akapiga kelele.

"Sokulu! Nani alipaka hii shamba rouge à lèvres kama mudomo ya mwanamuke?"

"Fundi wa sokoni. Haitoke."

"Ni mubaya sana," akasema akicheka. "Miti sita! Uliichunga kweli." Alimtembeza mtu mwenye kofia huku na huku, akamwagilia, akachuma tunda moja bila hata kuonekana kulitazama. Kisha akainua kichwa, akamwangalia mdogo wake aliyekuwa analia, akaniwekea mashine magotini, kama pale kituoni. Nikamwuliza kama ataificha vizuri mpakani.

"Sasa ni yako, Sokulu," akasema. "Mimi niko na shule."

Walikaa kwa siku chache, na nyumba ilijaa sauti hata nikapata tabu kusali, jambo ambalo kwalo pia nilimshukuru Mungu. Kisha wakapanda gari. Sikuwauliza watarudi lini, kwa kuwa baba yao alikuwa amepata nyumba kule, na mtu aliyepata nyumba haulizwi lini ataiacha.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kutoka misani, nikaegemeza mashine juu ya kitabu, nikawasha. Mtu mwenye kofia hakutoka nyumbani mwake kama kawaida. Mjukuu wangu alikuwa ameichezea jioni ya mwisho, akaizima bila kumlaza. Alimwacha amesimama kando ya mti wa kisimani, uso ukielekea kwangu, katika rangi zile kali zisizotoka. Miti ilikuwa inangoja maji, na ilinipasa kumwondoa pale ili achote. Nikaweka mikono magotini. Nilimwacha asimame pale mjukuu wangu alipomwacha, mpaka kengele ya adhuhuri ilipopigwa, ndipo nikampeleka kisimani.